Mpemba Aliyefungia Viatu vya Theluji

Habari imenifikia Jumapili nikiwa nimetoka kanisani, tai bado shingoni. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka Pemba, wa binti mkubwa wa rafiki yangu, sauti imekauka kwa kulia: "Mjomba, baba ametutoka leo alfajiri. Hakuugua sana. Alituachia wasia tukwambie mapema, usije ukasikia kwa watu." Nikausikiliza mara ya pili, kisha nikaketi kwenye ngazi za nyumba yangu mwenyewe kama mgeni aliyekosa wa kumfungulia. Mke wangu akatoka kuniuliza kulikoni. Nikamwambia, "Yule Mpemba wa theluji amefariki." Hajawahi kumwona hata siku moja, lakini aliposikia alishika kichwa, akaketi kando yangu hadi watoto walipoanza kuuliza chakula kiko wapi.

Wasomaji wa safu hii mnanijua. Kazi yangu hapa ni kulalamika: barabara, viongozi, umeme, na hao wanaopiga honi nje ya hospitali. Leo mnisamehe, silalamiki. Leo nina mtu wa kumshukuru, na kwa kuwa shukrani si fani yangu, huenda nikazunguka kidogo kabla ya kufika. Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe hakupenda jina lake litajwe mbele ya watu, alisema jina likitajwa mno huchakaa.

Nilimkuta Riyadh. Ni miaka ile ambapo wimbi la ajira lilitukumba wengi, kila ghorofa mjini Nairobi ina wakala wa kupeleka watu Saudia, dada zetu wanaondoka kwa makundi kwenda kufanya kazi za nyumbani, wanaume udereva na ulinzi, na sisi wachache tuliokuwa na cheti cha hiki au kile tukiingia maofisini. Mimi nilikwenda na kamera. Nilikuwa mpiga picha wa harusi Nakuru, nikaajiriwa na kampuni ya safari iliyokuwa na ofisi Al-Sulimaniyah, juu ya duka la manukato, hata karatasi zetu zilinukia udi. Kampuni iliwapeleka vijana wa Kisaudi wenye uwezo kwenye milima ya baridi, nami kazi yangu ilikuwa kuwapiga picha wakiruka na kuanguka. Msimamizi wa safari zile, mtu wa kupanga magari, hoteli, chakula na viongozi wa mlima, alikuwa Mpemba wa makamo, mwembamba, mwenye ndevu chache za kuhesabika. Siku ya kwanza alinisikiliza nikijieleza mpaka mwisho, akatikisa kichwa na kusema, "Karibu, yakhe. Ila nyie Wakenya Kiswahili mnakisema kama mnadaiana." Tangu siku hiyo nikawa namwita Ami, yaani baba mdogo kwa lugha ya kwao, na yeye akawa ananiita Mkenya hata tulipokuwa Wakenya kumi chumbani.

Jamani, hebu fikirini. Mtu wa Pemba! Mtu aliyekulia kwenye karafuu na jua, ambaye barafu aliijua ndani ya gilasi ya sharubati tu, ndiye alikabidhiwa safari za theluji. Ofisini tulimcheka hadi tukachoka, na yeye akacheka nasi. Alinisimulia kwamba safari yake ya kwanza, alipoteremka garini kule nchi ya Jojia, kwenye milima ya Kaukazi, aliinama akachota theluji kwa mkono mtupu, akaionja, akamgeukia kiongozi wa mlima na kumwambia kwa Kiarabu, "Inahitaji sukari." Kiongozi hakujua Kiarabu. Ila alicheka, na urafiki wao ukaanzia hapo, mzee mmoja wa Kijojia mwenye masharubu ya mvi na Mpemba mmoja mwenye koti la kuazima, wakizungumza kwa vipande vya Kiingereza na mikono.

Mzee yule ndiye alimfundisha. Wateja wetu hawakuwa wale wanaopandishwa mlimani kwa viti vya kamba na kuteleza kwenye uwanja uliosawazishwa. Hawa walipanda kwa nguvu zao, wamefunga miguuni mbao ndefu zilizovikwa utepe wa manyoya kwa chini ili zisirudi nyuma, wakifika juu wanavua utepe na kuteremka ubavu wa mlima ambao haujaguswa na mtu. Ni mchezo mzuri sana kuutazama. Lakini msimu ukielekea mwisho, masika ya kule, theluji inabadilika tabia. Mchana jua huiyeyusha ikalainika na kuwa nzito kwa maji. Usiku, anga likiwa wazi, baridi huikamata ikaganda na kuwa ngumu kama sakafu. Ukipita juu yake asubuhi mapema, imeshikamana. Ukichelewa mpaka jua limeipiga, inaachia, na ikiachia inaporomoka yote kwa pamoja na kila kilicho juu yake. Na kama usiku ulikuwa na mawingu na joto, theluji haikuganda kabisa, siku hiyo si ya kupanda hata mapema. Ami aliyaelewa mambo haya kwa njia ya kwao. Alikuwa amechuma karafuu ujana wake wote, na kila mchumaji anajua kwamba tawi la mkarafuu halipindi, linavunjika, tena bila kukuonya. "Jana umelikanyaga likakubeba," alikuwa akisema, "leo ukaliamini kwa sababu ya jana. Ndipo mtu anaposhushwa kwa machela."

Sasa hapa ndipo penye kichekesho, na hatari pia. Kama umeishi Riyadh unajua saa za Riyadh. Nchi ya joto ina busara yake: mchana ni wa kukimbiwa. Siku za mapumziko watu wanasali Alfajiri, wanarudi kulala, wanaamka Adhuhuri, wanakula, na Alasiri jua likipoa ndipo wanabeba mazulia, birika na mchele kwenda kubarizi jangwani. Ni utaratibu wa akili kabisa, nami niliuzoea nikaupenda. Tatizo ni kwamba vijana wetu waliubeba wakaenda nao mlimani. Kwao jua kali ni adui wa ngozi tu. Theluji iking'aa chini ya anga la buluu, nani atakwambia hapo pana hatari? Basi wakawa wanapanga kupanda baada ya chakula cha mchana, wamelala wakashiba, saa ileile ambayo mlima umeiva kwa kuporomoka. Kosa hilo mtu wa nchi ya baridi hawezi kulifanya. Mtu wa Riyadh analifanya akiwa na akili timamu, tena kwa kufuata adabu za kwao.

Ami hakubishana nao kwa vipimo vya joto. Alichukua saa zao wenyewe akazigeuza. Sheria yake ilikuwa moja: Alfajiri isaliwe na viatu viko mlangoni, na Adhuhuri iwakute chini mmeshaoga. Basi. Wakishatoa salamu tu, anawapa chai ya maziwa na mkate, anawasukuma nje, "Yalla, yalla, shabab, kulala ni mchana!" Mimi Mkristo wa Nakuru nikawa naamshwa na Alfajiri kuliko muumini, na hata leo nikisikia adhana ya mtaa wa pili huku kwetu, mwili unaanza kutafuta soksi. Kwa sheria hiyo tulimaliza misimu miwili bila mtu kuvunjika zaidi ya kidole. Vijana walinung'unika, wakazoea, na jioni walimbusu kichwa.

Msimu wa tatu, mwishoni kabisa, tulipeleka vijana watano. Wanne wa Jeddah, na wa tano mpwa wa bosi wetu, kijana wa Riyadh. Wa Jeddah mmoja alikuwa amesoma Ulaya na kuteleza huko misimu kadhaa, ndiye aliyekuwa kiranja wao, kijana mwenye adabu na anayejua anachosema. Naomba msimchukie. Walikuwa wamebakiwa na siku moja, na juu ya hoteli kulikuwa na ubavu mmoja mpana, mweupe, ambao waliutamani tangu wafike. Mzee wa masharubu alikuwa ameteremka kijijini kwake kwa sikukuu ya Pasaka, akamwachia Ami neno kwamba theluji isipoganda usiku, mtu asitoke. Jioni ile mawingu yakaja yakatulia juu yetu, na hewa ikawa vuguvugu. Nilifungua dirisha nikafurahi, nikadhani ni heri.

Alfajiri, wenzake wakijipanga kusali, Ami alikuwa ameshatoka nje. Nilimwona kupitia kioo akikanyaga theluji mbele ya mlango, anasogea hatua, anakanyaga tena. Kila akikanyaga, mguu unazama hadi juu ya kifundo. Alirudi ndani, akasali nao, akawapa chai, kisha akawaambia kwa upole, "Leo hakuna kupanda. Haikuganda." Wakatazamana. Wakasema sawa, tutalala kidogo. Tukadhani yameisha.

Kumbe wapi! Kufikia saa nne asubuhi mawingu yalikuwa yametawanyika, jua limetoka, na mlima umesimama pale dirishani kama bibi harusi. Vijana wakaamka wamechangamka. Kiranja akasema tusali Adhuhuri, tule, kisha tupande Alasiri kama tunavyokwenda jangwani, mwanga utakuwa mzuri. Nami kwa upande wangu, mpiga picha, moyo ulinidunda: mwanga wa Alasiri kwenye theluji ni kitu ambacho hakisimuliki. Nikaanza kufuta lenzi. Wakateremka chumba cha kukaushia viatu, kwa sababu viatu vya mchezo ule ni vizito na hulazwa kwenye chumba chenye joto. Mlango umefungwa. Wakaja juu kumuuliza Ami ufunguo uko wapi.

Ami alikuwa sebuleni anakunywa kahawa. "Ufunguo ninao mie," akasema.

"Tupe, ya akhi."

"Siutoi leo."

Walidhani ni mzaha wake wa kawaida. Wakacheka, wakamshika mabega, wakamwita baba, wakamwita sheikh. Yeye anatabasamu tu, mkono uko mfukoni. Kiranja akaketi mbele yake na kumweleza kwa heshima: ubavu wanaoutaka unatazama kaskazini, jua haliufikii sana, theluji yake huenda ni ngumu bado. Ami akamsikiliza mpaka mwisho.

"Huenda ni kweli," akamjibu. "Na kufika huko mtapita wapi?"

"Chini ya ule wa mashariki. Dakika chache tu."

"Ule umepigwa na jua tangu asubuhi."

"Tutapita haraka."

"Hiyo nayo huenda," akasema Ami, akaongeza kahawa.

Akampigia mzee wa masharubu, akaweka simu tuisikie wote. Nilitegemea mzee aseme neno moja, kesi ifungwe. Lakini mzee alisema kwa Kiingereza chake cha vipande, "Mimi niko mbali. Siioni theluji. Wewe unaona nini?" Ami akamweleza mguu ulivyozama. Mzee akasema, "Si nzuri. Lakini wewe ndiye uliye hapo." Simu ikakatika, na macho yote yakamrudia Mpemba.

Hapo mpwa wa bosi akapoteza subira. Akampigia mjomba wake Riyadh. Bosi akaja hewani na hasira zake zote, tukamsikia wote sebuleni: wateja ni wafalme, nani amekupa amri ya kufungia watu viatu, fungua sasa hivi, halas! Na akaongeza lile neno ambalo kila mmoja wetu aliyewahi kufanya kazi kule anajua uzito wake: "Ikama yako inaisha mwezi ujao. Mimi ndiye kafili wako, usisahau." Nilimtazama Ami usoni. Nilijua kwamba mabinti zake walikuwa shule, na kwamba bila ikama, kibali cha kuishi ambacho kafili, yaani mwajiri mdhamini, ndiye hukihuisha, hata kutembea barabarani ni kujificha. Mimi ningetoa ufunguo. Ningeutoa mbio mbio, nikaomba na radhi. Midomo yake ilikuwa imekauka, nikaona ameiramba, kisha akasema taratibu:

"Bosi, nakuheshimu. Viatu nitavitoa. Ila kila kijana ampigie mama yake, mama mwenyewe aniambie mie kwa mdomo wake, 'Mpe mwanangu viatu.' Akisema, natoa hapo hapo."

Bosi naye kule akakata simu, maana mama ni mama, hata Riyadh. Mpwa akabetua midomo. Wawili wakaangalia dari. Kiranja, kwa kuwa alikuwa mtu wa kweli, na labda kwa kuwa alikuwa na uhakika wa kushinda, akatoa simu na kumpigia mama yake Jeddah. Akamweleza haraka haraka, yeye anaona jua zuri, mtu huyu anaona balaa, mwambie atupe viatu, mama. Kisha mama akasema, "Nipe huyo mtu."

Ami akaipokea simu kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kikombe. Akamsalimia kwa salamu kamili, akauliza afya, akauliza watoto. Akamwambia, "Mama yangu, mie natoka Pemba, theluji si ya kwetu. Nimekanyaga asubuhi, mguu umezama. Aliyenifundisha alisema ukizama, usiende. Sijui zaidi ya hapo. Mwanao ana elimu kunishinda na huenda yuko sawa. Ukisema nimpe viatu, nampa." Mama yule akamuuliza swali moja tu: wewe ungemruhusu mwanao? Ami akasema, "Hapana, mama." Na sauti ikatoka kwenye ile simu, kali, tukaisikia hadi sisi wa pembeni: "Basi vishike hivyo viatu, Mungu akulipe. Na huyo mpe simu nimseme."

Haki ya Mungu, sijawahi kuona wanaume wazima wakikosa raha namna ile. Kutwa nzima walikaa na soksi, wakala ndizi, wakacheza karata, wakamnunia. Mimi pia nilinuna, nisiwafiche, maana Alasiri ilipofika ule mwanga ulikuja kama nilivyoutarajia, mlima ukageuka rangi ya asali, na mimi niko ndani na kamera. Nilikwenda dirishani mara nyingi. Nadhani kila mmoja wetu alikwenda dirishani, kwa siri, kuutazama ule ubavu wa mashariki. Tulikuwa tunangoja uporomoke ili tujue.

Haukuporomoka. Msomaji, najua ulichokuwa unakitarajia, kwa sababu hata mimi nikisimulia kisa hiki watu hunikatiza hapa na kusema, "Halafu mlima ukashuka!" La. Haukushuka siku ile. Jua lilizama, theluji iko palepale, na asubuhi yake tukapanda gari kwenda uwanja wa ndege, mlima umekaa na heshima zake. Mpwa wa bosi akamwambia Ami garini, "Umeona? Mafi. Hakuna kitu." Ami akasema, "Alhamdulillahi," akaegemea kiti na kufumba macho.

Ikama haikuhuishwa. Bosi alitimiza neno lake, na kwa upande wake hakuona amefanya kosa: mfanyakazi amewaaibisha wateja, na hakuna lolote lililotokea la kumtetea. Ami akahamia chumba chetu Al-Murabba, akalala kwenye godoro la Mkenya mwenzetu aliyekuwa zamu za usiku, na hakutoka nje isipokuwa kwenda msikiti wa karibu. Tuliishi hivyo kwa majuma. Sikumsikia akilaumu mtu. Alipika, tena alipika vizuri, akatufundisha kutia nazi ya kopo kwenye maharage bila kuikata. Nilipomuuliza kama hajuti aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "Nijutie nini, Mkenya? Watoto wa watu wamefika kwao."

Kilichomtoa pale ni yule mama wa Jeddah. Alitaka kumtumia zawadi, akauliza ofisini kwa "mtu wa viatu", akaambiwa amefukuzwa. Wanasema alipiga kelele hadi mume akainuka kwenye chakula. Kaka yake alikuwa na shule Jeddah, akakubali kuwa kafili mpya, karatasi zikahamishwa, na Mpemba wetu akaenda kuwa msimamizi wa mabasi ya wanafunzi. Kwa mtu kama yeye, ilikuwa kazi iliyomngoja.

Nilimfuata huko kumsalimia mwaka uliofuata, mkataba wangu ulipokuwa unakwisha. Siku niliyofika wingu lilikuwa limejikunja upande wa bara, na Jeddah mvua si mchezo: huja mara chache, lakini ikija barabara za chini hujaa maji kabla hujamaliza kufunga dirisha. Nilimkuta langoni, mabasi yote yamezimwa uani, wazazi wanampigia simu wakiuliza watoto wako wapi. "Wapo, wanakula biskuti," anamjibu kila mmoja. Mvua ilinyesha kidogo ikakoma. Barabara hata haikulowa sawasawa. Mzazi mmoja akaja mwenyewe kwa gari lake, akamfokea mbele ya watoto, Ami akamfungulia mlango na kumwombea safari njema. Nikaona mambo ni yaleyale.

Tulipoketi ofisini kwake nikamuuliza lile lililokuwa likinisumbua tangu mlimani. "Ami, niambie ukweli. Siku ile ulikuwa na uhakika?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Uhakika? Wallahi sikuwa nao hata chembe. Ningekuwa nao ningelala usingizi. Mlima ungeweza kukaa kimya siku ile, na ungeweza kutumeza sote na makamera yako. Mie sikujua. Na kwa kuwa sikujua, ndiyo maana nikafunga."

"Na kama ungekosea?"

"Si nilikosea? Haukuporomoka." Akanimiminia kahawa. "Kukosea kwa namna hii, yakhe, mtu anakosea anakwenda kula chakula cha usiku."

Nimeyafikiria maneno hayo kwa miaka. Sisi tuliokwenda na lile wimbi tulijifunza kusema "hadhir", yaani naam bosi, mara moja bosi, kabla hatujajifunza kuuliza choo kiko wapi. Hatukuwa waoga wa kuzaliwa. Mtu aliyeacha watoto nyumbani na karatasi zake ziko kwenye droo ya mtu mwingine hufanywa mwoga. Dada zetu waliokuwa majumbani kule Al-Suwaidi walilijua hilo kutushinda sote, maana madam yuko nao saa zote. Na tabia hiyo tumerudi nayo. Naiona hapa nyumbani kila siku: fundi anajua nondo hazitoshi lakini mwenye nyumba anataka kuhamia kabla ya Krismasi, muuguzi anaona dawa si yenyewe lakini daktari amechoka na hataki maswali. Kila mtu anangoja awe na uhakika ndipo aseme hapana, na uhakika huja pamoja na jeneza. Kisha tunajipangusa na kusema ajali haina kinga. Mimi kinga nimeiona kwa macho yangu. Ilikuwa imevaa koti la kuazima, imetia mkono mfukoni, na midomo imekauka kwa hofu.

Ubaya wa kazi ile ni kwamba haina ushahidi. Anayemvuta mtu kutoka mtoni anapigiwa makofi, watu wamemwona amelowa. Anayemzuia asiende mtoni anaonekana msumbufu. Ukifanikiwa, hakuna kinachotokea, na kwa kitu ambacho hakikutokea utamshukuru nani? Utapewa lawama kwa mchana uliowaharibia watu. Ami alilipa kwa ikama yake, na angeweza kulipa zaidi kama si mama mmoja aliyekuwa na desturi ya kuuliza. Ndiyo maana nawasihi wasomaji wangu jambo moja tu leo. Yuko mtu aliyewahi kukuharibia mchana. Mama aliyekukatalia ruhusa, mwalimu, dereva aliyezima gari na kusema siendelei, mke aliyeficha ufunguo. Ulinuna, na hakuna kilichotokea. Mtafute angali hai.

Mimi nilipata bahati ya kumwambia. Pale Jeddah, kabla sijaondoka, nilisimama nikamshika mikono yote miwili nikasema, "Ami, nimekuja kukushukuru." Akashangaa kama kawaida yake. "Kwa lipi tena? Hakuna kilichotokea." Nikamwambia ndiyo, nashukuru kwa hicho hicho. Akaona haya, akaanza kuniuliza kuhusu ndege yangu. Vijana watano wale sasa ni baba za watoto, nami nina wanangu watatu, na hapa nilipo wanagombana chumba cha pili juu ya nani amemaliza maziwa. Je, wapo kwa sababu ya Mpemba mmoja aliyezama mguu asubuhi akakataa kutoa viatu? Sijui, na sitajua hadi naingia kaburini. Namshukuru vivyo hivyo.